Frank Zappa: kanda za jukwaa ndani ya studio

Wapenzi wa muziki hawaachi kubishana: disiki ya studio na ile ya konseri, ipi ni ya kweli? Ya studio ni safi, kila chombo kinasikika fasi yake. Ya konseri iko na makelele ya watu, tena makosa hayakosi, lakini iko na joto. Mumarekani Frank Zappa, mmoja wa watu waliopanua roki mpaka ikawa na nyimbo ndefu na ngumu kupiga, alikataa kuchagua. Alichukua vyote viwili, akavishona pamoja.

Alizaliwa tarehe 21 desemba 1940 mu mji wa Baltimore, akakomalia California. Alianza na ngoma, kisha akashika gitaa. Mwaka wa 1964 alinunua studio ndogo huko Cucamonga. Pale njo alizoea kurekodi sauti moja juu ya ingine, kukata kanda na kuziunganisha. Mwaka wa 1966, kundi lake The Mothers of Invention likatoa albamu ya kwanza, Freak Out!, yenye disiki mbili.

Jukwaa lilikaribia kumuua. Tarehe 4 desemba 1971, akiwa anapiga muziki ku Montreux, Uswisi, mtu mmoja kati ya wasikilizaji alirusha moto ku dari. Kazino yote iliungua, pamoja na vyombo vya kundi. Siku sita tu kisha, mu London, mwanaume mmoja alipanda jukwaani akamsukuma, akaanguka chini kwenye shimo la orkestra. Mguu ulivunjika, koo ikaumia sana, na tangu pale sauti yake ikabakia nzito. Miezi mingi alikuwa ndani ya kiti cha magurudumu. Hata vile hakuacha kazi: mwaka wa 1972 alitoa albamu mbili za studio, Waka/Jawaka na The Grand Wazoo.

Alirudi jukwaani na kundi kali sana: George Duke ku kinanda, Ruth Underwood ku marimba, Chester Thompson ku ngoma. Mu desemba 1973 walirekodi konseri zao ku Roxy, Los Angeles. Albamu Roxy & Elsewhere ilitoka mwaka wa 1974. Nyimbo zingine ziliongezewa sauti mu studio, zingine ziliachwa sawa vile zilipigwa. Zappa hakuficha: aliandika ku disiki ni zipi zilizoongezewa.

Mwaka wa 1975 alienda mbali zaidi. Inca Roads, wimbo unaofungua albamu ya One Size Fits All, unaonekana kuwa wa studio kabisa. Kumbe msingi wake ulipigwa mara moja ndani ya televizyo moja ya Los Angeles mu agosti 1974, na solo ya gitaa ilitoka ku konseri ya Helsinki, Finland, mwezi uliofuata. Sheik Yerbouti ya 1979 nayo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kanda za jukwaa, makelele ya watu yakapunguzwa, sauti zingine zikaongezwa.

Kisha akafanya kinyume. Tangu 1988 mpaka 1992 alitoa mfululizo wa albamu sita, You Can't Do That on Stage Anymore, ambamo hakuongeza sauti hata moja mu studio. Ya pili ni ile konseri ya Helsinki. Pale kundi lilikuwa limeshazoea nyimbo kwa safari nyingi, njo maana linapiga haraka kuliko mu studio. Usafi kidogo unapotea, lakini nguvu inaongezeka.

Safari yake ya mwisho, mwaka wa 1988, ilikatika mbele ya wakati juu ya ugomvi kati ya wanamuziki wake. Kansa ya prostati ilimuua tarehe 4 desemba 1993, miaka 22 kamili tangu moto wa Montreux. Alikuwa na miaka 52.

Mwenye kutaka kulinganisha aanze na Inca Roads ya 1975, kisha asikie ile ya Helsinki. Gitaa inapoingia, atasikia solo ileile, mara hii ikiwa ku jukwaa lake.