Muyaka bin Haji wa Mvita na Alama Zangu Nne

Naandika kutoka hapa Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Chama chetu cha Kiswahili kimenipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wengine walitaka niandike juu ya mfalme au mpigania uhuru. Mimi nimemchagua Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, na kusema ukweli nilimchagua kwa hasira.

Mambo yalikuwa hivi. Muhula wa kwanza tulipewa shairi tukaambiwa tueleze umbo lake. Nikaeleza: beti 5, kila ubeti mishororo 4, kila mshororo mizani 16, vina vya kati hivi, vya mwisho hivi. Nilihesabu kwa vidole mara mbili. Nikapata alama 4 kwa 10, na pembeni kwa wino mwekundu pameandikwa swali: basi umbo hilo linafanya kazi gani? Wee! Nilinuna siku nzima. Kwangu mimi umbo la shairi lilikuwa kama sare ya shule, unaivaa tu ili usirudishwe langoni. Ndipo nikaazima kitabu cha Mohamed Abdulaziz juu ya Muyaka, kilichotolewa mwaka wa 1979, nipate hoja za kwenda kubishana.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776, wakati ambapo mji huo ulijulikana sana kwa jina la Mvita. Waliotawala walikuwa Wamazrui, na makao yao yalikuwa Fort Jesus, ngome ile iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Muyaka alikuwa mtu wao. Hakuwa sultani wala kadhi, lakini neno lake lilisikika barazani na pia mitaani. Aliyatungia mapenzi na wivu, marafiki wanaogeuka, safari za vyombo, dhiki na neema, na zaidi ya yote siasa za mji wake. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni.

Hapa, msomaji, nakuomba usiniache, maana ndipo penye utamu. Kabla yake, tungo nyingi tulizobakiwa nazo ni tenzi ndefu za dini na za vita. Utenzi una mishororo mifupi, kwa kawaida ya mizani 8. Mitatu ya kwanza hushiriki kina kimoja, na wa nne huwa na kina kinachorudi vivyo hivyo tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ni kama kupiga kasia ziwani: moja, mbili, tatu, vuta! Kwa mwendo huo unaweza kusimulia kisa cha beti elfu na msikilizaji asichoke. Lakini mtu mwenye neno moja kali la kusema leo jioni barazani atafanya nini na beti elfu?

Muyaka alilishika shairi la mishororo 4. Mshororo wake ni mrefu, mizani 16, na umekatwa katikati, 8 kwa 8, kila upande na kina chake. Upande wa kwanza ni ukwapi, wa pili ni utao. Mimi nilikuwa nahesabu tu. Kumbe ule mkato wa katikati ni mahali pa kugeuka! Unaweza kusema jambo katika ukwapi na kulipindua katika utao kabla mtu hajavuta pumzi. Halafu vina vikisharudi mara tatu, sikio la msikilizaji linajua sauti gani inakuja, linaingoja. Mshororo wa nne, yaani kituo, ndio unaolipa deni hilo, au unaligeuza: kina cha mwisho kikaletwa katikati, au kikaja kipya kabisa. Sikio linashtuka, na hapo hapo ndipo mshairi anapoliweka neno lake zito. Ubeti mmoja unatosha, na Muyaka ana nyingi za ubeti mmoja tu.

Umbo hilo likawa silaha. Yapata mwaka wa 1812, Mombasa na Pate ziliungana kuipiga Lamu, zikashindwa vibaya pale Shela. Watu wa Lamu wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Tangu hapo kukawa na vita vya bunduki na vita vya mashairi pamoja. Muyaka alisema upande wa Mombasa, na upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi. Kwa desturi ya kujibizana, anayejibu huifuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi vina vyake pia. Hebu fikiria! Adui amekutukana kwa kina fulani, nawe lazima umjibu kwa kina hicho hicho. Ukikosa maneno, mji mzima umesikia kwamba umeshindwa.

Waingereza walipandisha bendera yao Mombasa mwaka wa 1824 wakaishusha 1826. Seyyid Said naye hakuacha kuutaka mji, na mwaka wa 1837 akaupata. Viongozi wa Wamazrui walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas, huko Uajemi. Muyaka alikuwa mzee wa miaka 60 hivi. Mji alioupigania kwa maneno ulikuwa umekwenda. Alifariki yapata mwaka wa 1840.

Hakuwa na kitabu kilichochapwa hata kimoja. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu miaka 40 na zaidi, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye alifariki mwaka wa 1890, alipoyakusanya pamoja na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Hati zilipelekwa London, na mwaka wa 1940 William Hichens akatoa diwani.

Nilijiuliza yalidumuje. Jibu nililipata kwa mama, ambaye huuza omena hapa sokoni kwa gorogoro. Gorogoro likipungua hata kidogo, mnunuzi anaona mara moja, hahitaji kuambiwa. Mshororo wa mizani 16 ni hivyo hivyo. Mzee akisahau neno moja, pengo linaonekana, na kina kinamwambia neno lililopotea liliishia sauti gani.

Basi sikwenda kubishana tena. Nikajaribu ubeti wangu. Nilitaka kusifu ziwa letu, na kina cha mwisho nikachagua -ni. Kilikuwa rahisi mno: ziwani, ufukoni, sokoni. Ukitia -ni mwisho wa mahali popote umepata kina, hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Nikaona haya, nikajikataza maneno ya mahali katika kituo. Nikakaa na kalamu hadi taa ikaanza kufifia. Neno lililokuja lilikuwa deni.

Sikuwa nimepanga kuliandika. Miezi ile gugumaji lilikuwa limeziba ufuo, mitumbwi haitoki, na mama alikuwa amekopa pesa za chama kununua omena za mbali. Nyumbani hatulizungumzi jambo hilo. Sasa ilinibidi nirudi nyuma nibadilishe mishororo mitatu ya juu, kwa sababu ziwa zuri la mwanzo halikuweza kuishia pale.

Nilimsomea mama. Kiswahili chake ni cha sokoni, nami nilidhani hatafuata. Alisikiliza akichambua omena. Nilipofika kituo mkono wake ukasimama. Akaniuliza kwa Kijaluo nani ameniambia habari za deni. Nikamjibu ni kina. Hakuelewa, akacheka, kisha akaniambia nisome tena.

Ubeti wa pili bado sijaumaliza. Deni lilipwe au lisilipwe, sijui, na kina cha kati kimenishinda.