Hoyt Wilhelm, mrushaji wa akiba aliyezunguka timu tisa

Msikilizaji wetu mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha michezo akitulaumu. Tulikuwa tumesimulia mechi moja ya pale Kaitaba kuanzia goli la kwanza hadi la mwisho, tukataja wafungaji wote na waliowapa pasi, tukamsahau kipa wa akiba aliyeingia dakika kumi za mwisho na kuokoa mipira mitatu ya hatari. Aliuliza kama kuna mchezo wowote duniani ambao mtu wa akiba anahesabiwa.

Upo. Kwa miaka mingi nao haukumhesabu, na kisa cha namna alivyokuja kuhesabiwa kinaweza kusimuliwa kupitia maisha ya Mmarekani mmoja, Hoyt Wilhelm. Mchezo wenyewe ni besiboli. Kwetu hapa Bukoba ni wageni nao, ingawa Dar es Salaam zipo shule za sekondari zilizoanza kuucheza miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Kwa hiyo tuueleze kidogo kwanza.

Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye rungu la mti. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, mwenzake mrushaji, akiwa na glovu kubwa. Mpigaji akiupiga mpira vizuri hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akikamilisha mzunguko timu yake inapata pointi. Mechi ina awamu tisa. Kumrushia mtu mpira kwa nguvu kwa saa mbili au tatu si mchezo, na bega la mrushaji huchoka. Hapo kocha humwita mrushaji wa akiba. Mara nyingi huyu hukuta mambo yameshaharibika: wapinzani wamesimama kwenye vituo viwili au vitatu, wakisubiri pigo moja tu waingie nyumbani. Hata kwenye redio tunaye mtu wa aina hiyo. Ni yule anayepigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba mwenzake ameugua malaria, aje kufungua matangazo.

James Hoyt Wilhelm alizaliwa tarehe 26 Julai 1922 katika mji mdogo wa Huntersville, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Alikuwa mmoja wa watoto kumi na mmoja wa familia iliyolima shamba la watu wengine. Mkono wake haukuwa na kasi, na kwa kijana anayetaka kuwa mrushaji hilo ni sawa na mkimbiaji asiye na pumzi. Alipokuwa shule ya sekondari akasoma gazetini habari za mrushaji aitwaye Dutch Leonard, aliyekuwa akiwasumbua wapigaji kwa mtupo wa polepole unaoitwa nakoboli. Wilhelm akachukua mpira wa tenisi, akaanza kuiga vidole alivyoviona pichani.

Nakoboli ni nini? Mrushaji huushika mpira kwa ncha za vidole na kuusukuma bila kuuzungusha. Mpira unaozunguka hukata hewa kwa njia inayotabirika. Usiozunguka husukumwa na hewa huku na huku kadiri mshono wake unavyokaa, na hata aliyeurusha hajui utaishia wapi. Waliowahi kucheza mpira wa majani makavu ya mgomba wanaufahamu ugonjwa huo: unaupiga uende kushoto, unayumba, unaingia kulia, kipa anabaki kucheka. Faida ya mtupo huu ni kwamba hauuchoshi mkono. Hasara yake tutaiona kwa wadakaji.

Mwaka 1942 Wilhelm alianza kulipwa katika timu ya mji wa Mooresville, ligi ya ngazi ya chini kabisa. Msimu haujapoa akachukuliwa jeshini. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Wakati vijana wa Tanganyika wa KAR wakipambana Burma mwaka 1944, yeye alipelekwa Ulaya, na majira ya baridi ya mwaka huo akawa kwenye mapigano makubwa ya Ardennes, Ubelgiji. Alijeruhiwa, akatunukiwa nishani wanayopewa Wamarekani waliomwaga damu vitani. Kipande cha chuma kilibaki mgongoni mwake maisha yake yote. Hapa Kagera, baada ya vita vya 1978 na 1979, hatuhitaji kuelezwa maana ya kutembea na chuma cha vita mwilini. Tunachoomba msomaji akikumbuke ni kwamba kila mpira tutakaoutaja kuanzia sasa ulirushwa na mgongo huo.

Aliporudi alikuwa na miaka 23, na kwenye besiboli akaanza upya Mooresville. Alishinda mechi 21 mwaka 1946 na 20 mwaka 1947. Ungedhani timu kubwa zingegombania mlango wake. New York Giants walimchukua, lakini wakamweka kwenye timu zao ndogo, Jacksonville kisha Minneapolis, mwaka baada ya mwaka. Hofu ilikuwa ile ile: anarusha polepole mno. Vitabu vya ligi vilimwandika kuwa amezaliwa 1923, mwaka mmoja pungufu. Mchezaji anayezeeka ligi ndogo ana kila sababu ya kutosahihisha kosa kama hilo, na wenye kufuatilia soka letu hawatashangaa.

Aliingia ligi kuu Aprili 1952, akikaribia miaka 30, umri ambao wengine huanza kufikiria kustaafu. Kocha wa Giants, Leo Durocher, alimpa kazi ya akiba. Siku chache baadaye, tarehe 23 Aprili, Wilhelm alishika rungu kwa mara ya kwanza katika ligi hiyo, akaupiga mpira ukavuka uzio. Warushaji kwa kawaida ni wapigaji wabovu, hivyo uwanja ulipigwa na butwaa. Alicheza misimu 21, na hakurudia tena pigo hilo.

Mwaka ule wa kwanza alicheza mechi 71, zote akitokea benchi, akashinda 15 na kupoteza 3. Wastani wake ulikuwa pointi 2.43 alizoruhusu kwa kila awamu tisa, wa chini kuliko mrushaji yeyote wa Ligi ya Taifa, moja kati ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani. Tufikirie jambo hilo: mtu wa benchi anawapita wote wanaoanza mechi. Mwaka 1954 Giants wakawa mabingwa wa nchi, wakiwafunga Cleveland mechi nne kwa sifuri. Dunia inaukumbuka ubingwa huo kwa mpira mmoja aliodaka Willie Mays akikimbia huku ameupa mgongo. Wilhelm alikuwa kwenye kikosi hicho hicho.

Sasa wadakaji. Mpira usiojulikana unakokwenda humsumbua mpigaji, na anayeupokea pia. Septemba 1954 mdakaji wa Giants, Ray Katt, alipitwa na mipira minne katika awamu moja Wilhelm akirusha. Kila mpira unaopita ni nafasi kwa wapinzani kusogea kituo kingine, kwa hiyo makocha wakaanza kujiuliza kama dawa hii haina madhara kuliko ugonjwa. Kuanzia hapo akaanza kuhama. Februari 1957 alipelekwa St. Louis Cardinals. Septemba mwaka huo huo yuko Cleveland. Tarehe 23 Agosti 1958 Cleveland nao wakamwachia, Baltimore Orioles wakamwokota. Timu tatu ndani ya miezi kumi na minane, na umri tayari 36.

Hazikupita wiki nne. Tarehe 20 Septemba 1958 Baltimore walimpa nafasi ya kuanza mechi dhidi ya New York Yankees, timu iliyokwenda kuwa bingwa wa nchi mwaka huo. Mrushaji aliyeachwa na Cleveland alimaliza awamu zote tisa bila mchezaji hata mmoja wa Yankees kupata pigo halali. Mechi iliisha 1-0, na pointi hiyo pekee ililetwa na mdakaji wake, Gus Triandos, aliyeupiga mpira nje ya uzio. Triandos ndiye aliyeteseka zaidi kuidaka mitupo ya Wilhelm, kwa hiyo sisi tunaona alistahili.

Mwaka uliofuata Baltimore walimwanzisha mara kwa mara, akashinda mechi zake tisa za kwanza na kumaliza akiwa na wastani bora wa Ligi ya Amerika, 2.19. Taji hilo sasa alikuwa amelitwaa katika ligi zote mbili. Kuhusu wadakaji, kocha Paul Richards mwaka 1960 alibuni glovu kubwa ajabu, karibu ungo mdogo, ili mipira isipite. Ilisaidia, hadi miaka michache baadaye wasimamizi wa mchezo walipoweka kikomo cha ukubwa wa glovu.

Januari 1963 akapelekwa Chicago White Sox, na pale akakaa misimu sita. Wengi hupita haraka kwenye miaka hii kwa kuwa haina tukio kubwa, lakini kwetu ndiyo kiini cha kazi yake. Kuanzia 1964 hadi 1968, miaka mitano mfululizo, wastani wake haukufika pointi mbili. Mwaka 1967 ulikuwa 1.31, naye alikuwa anatimiza miaka 45. Karibu jioni zote hizo zilifanana: anakaa benchi saa mbili, anaitwa, anatembea hadi katikati ya uwanja, anakuta mambo yameharibika, anarusha mipira yake ya polepole, watu wanaenda nyumbani. Asubuhi yake gazeti linaandika jina la aliyeanza mechi.

Na hapa ndipo lilipo jibu la msikilizaji wetu. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya Wilhelm uwanjani, kumbukumbu rasmi za besiboli hazikuwa na safu ya kuandika kazi ya mtu aliyeulinda ushindi wa mwenzake. Mrushaji alipewa ushindi au kipigo, na aliyeingia timu ikiwa mbele akailinda hadi mwisho hakupata kitu. Ni mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman, aliyeanza karibu na mwaka 1960 kuhesabu mechi za namna hiyo kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe. Ligi iliikubali rasmi mwaka 1969. Wilhelm alitimiza miaka 47 mwaka huo. Kanuni ilipotumika kurudi nyuma kwenye mechi za zamani, alikutwa na mechi zaidi ya 220 alizozilinda.

Mwaka huo wa 1969 haukumkuta Chicago. Timu mpya ya Kansas City ilimchagua, ikamtuma California Angels kabla hajairushia mpira hata mmoja. Septemba akaenda Atlanta Braves, na huko, tarehe 10 Mei 1970, akawa mrushaji wa kwanza kucheza mechi 1,000 za ligi kuu. Mwezi Septemba wakampeleka Chicago Cubs. Novemba wakamrudisha Atlanta. Mwaka 1971 wakamwacha, Los Angeles Dodgers wakamchukua. Msomaji akichanganyikiwa na safari hizi asijilaumu. Sisi wenyewe tuliziandika kwenye karatasi mara mbili.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 10 Julai 1972. Dodgers walimwachia tarehe 21 Julai, siku tano kabla hajatimiza miaka 50, ingawa kwa vitabu vya ligi alikuwa anatimiza 49. Timu tisa, mechi 1,070, na kati ya hizo alianza 52 tu. Hakuna mrushaji aliyeifikia idadi hiyo hadi Dennis Eckersley alipoipita kwa mechi moja mwaka 1998.

Kuingia kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli, Cooperstown, hupigiwa kura na waandishi wa habari za michezo, na inatakiwa asilimia 75. Jina la Wilhelm lilipelekwa mwaka 1978 likakwama, likaendelea kukwama mwaka hadi mwaka. Hoja ilikuwa kwamba mtu wa akiba ni nusu mchezaji. Mwaka 1985, mara ya nane, alipita. Hakuna mrushaji aliyefanya kazi yake yote kubwa akitokea benchi aliyekuwa ameingia mle kabla yake.

Baada ya kustaafu alifundisha vijana kwa miaka mingi katika timu ndogo za Yankees, wale wale aliowanyima pigo mwaka 1958. Alifariki Sarasota, Florida, tarehe 23 Agosti 2002, akiwa na miaka 80.

Kwa msikilizaji wetu wa Kamachumu: jina la yule kipa tumelipata, na Jumamosi tutaanza naye kabla ya wafungaji.