KENNEDY NA WATU WA VIWANDANI

Wengi katika Afrika Mashariki hulikumbuka jina la marehemu John Kennedy, Rais wa Marekani, kwa sababu ya vijana wetu waliosafirishwa kwa ndege mwaka 1960 kwenda kusoma huko kwa msaada wa fedha za jamaa yake. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini leo tunapenda kueleza maisha yake kwa upande mwingine usiotajwa sana, nao ni ahadi aliyowapa wafanyakazi wanaoachishwa kazi kwa kushindwa na bidhaa za kigeni.

Alizaliwa tarehe 29 Mei, 1917, katika mji wa Brookline, jimbo la Massachusetts, akiwa mwana wa tajiri mkubwa. Hakuonja shida ya mtu anayeamshwa alfajiri na king'ora cha kiwanda. Alisoma Harvard, akapigana baharini katika Vita Kuu ya Pili, akaingia Baraza la Wawakilishi baada ya uchaguzi wa 1946, na mwaka 1952 akachaguliwa kuwa Seneta.

Hapo ndipo kura zilipomfundisha yale ambayo nyumba ya baba yake haikumfundisha. Miji ya Lawrence, Lowell na Fall River iliishi vizazi na vizazi kwa kufuma nguo za pamba na sufu, na sasa viwanda vyake vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Vingi vilikimbilia majimbo ya kusini penye mshahara mdogo. Halafu nguo za Japani nazo zikaanza kuingia kwa wingi. Mtu aliyesimama mbele ya mtambo mmoja kwa miaka thelathini, na asiyejua kazi nyingine, aende wapi?

Mwaka 1954 Kennedy alipeleka katika Senati mswada wa kuwasaidia watu hao. Wazo halikuwa lake. Lilitolewa na David McDonald, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, katika tume iliyoundwa kuchunguza biashara ya nje. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa taifa zima linafaidika ushuru wa forodha unapopunguzwa, si haki hasara yake iangukie mji mmoja peke yake. Mswada huo haukupita. Hata hivyo sisi tunamsifu, maana kwa mwanasiasa wa jimbo la nguo ilikuwa rahisi zaidi kupiga kelele ili ushuru upandishwe, akashangiliwa, na mambo yakaishia hapo.

Alipokwisha kuwa Rais, katika Januari 1962 aliliomba Bunge mamlaka ya kupunguza ushuru hata kufikia nusu, ili Marekani ipate kufanya biashara na Soko la Pamoja la Ulaya. Wenye viwanda vya pamba alikuwa amekwisha kuwatuliza kwa mapatano ya kuzuia nguo za nje; mkono mmoja ulifungua mlango, wa pili ukatia komeo. Vyama vya wafanyakazi, chini ya George Meany, vilimwunga mkono kwa kuwa msaada uliahidiwa. Akaitia sahihi sheria tarehe 11 Oktoba, 1962. Aliyepoteza kazi angelipwa asilimia 65 ya mshahara wake, kwa kiwango kilichowekewa kikomo, kwa muda wa wiki 52. Anayejifunza kazi mpya angeweza kuongezewa wiki 26, na mwenye umri wa miaka 60 wiki 13. Tena angepewa fedha za kuhamisha jamaa yake mahali penye kazi.

Yote hayo ni mema. Lakini mlango wake ulikuwa mwembamba mno. Ilitakiwa ithibitishwe kwamba kupunguzwa kwa ushuru ndiko hasa kulikoleta bidhaa zile, na kwamba bidhaa zile ndizo hasa zilizoleta ukosefu wa kazi. Mfumaji gani awezaye kuthibitisha hayo? Tume ya Ushuru ilikataa ombi baada ya ombi. Kennedy aliuawa katika mji wa Dallas tarehe 22 Novemba, 1963, akiwa na miaka 46, kabla mfanyakazi hata mmoja hajapata dola moja. Wako wanaomtetea kwamba bila masharti magumu Bunge lisingekubali. Huenda ni kweli. Lakini ushuru haukuwekewa masharti kama hayo. Mazungumzo yaliyopewa jina lake yalimalizika mwaka 1967, ukapunguzwa kwa karibu theluthi moja.

Wafanyakazi wa kwanza walikubaliwa katika Novemba 1969, miaka saba baada ya sahihi ile. Mwaka 1974 Bunge lililegeza masharti na kuikabidhi Wizara ya Kazi shughuli hiyo, na watu wengi wakaanza kulipwa. Mwaka 1981 serikali ya Reagan ikaupunguza msaada huo. Ulidumu kwa kusitasita hata tarehe 1 Julai, 2022, muda wake ulipokwisha bila kuongezwa. Maombi yaliyokuwa mezani siku hiyo yalibaki mezani.