Satyendra Nath Bose: Mwalimu wa Dhaka Aliyeihesabu Nuru

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea habari za masheikh na watunzi wa tenzi. Leo napenda kumtaja mwalimu mmoja wa ng'ambo ya bahari yetu hii, marehemu Satyendra Nath Bose.

Bose alizaliwa Calcutta, Bara Hindi, tarehe 1 Januari 1894. Mwaka 1921 alikwenda kusomesha katika Chuo Kikuu cha Dhaka, kilichokuwa ndio kwanza kimefunguliwa. Huko ndiko alikozua hesabu mpya ya chembe za nuru. Wenziwe walizihesabu kana kwamba kila chembe ina alama yake, hii na ile. Bose alizihesabu kuwa hazina tofauti yoyote: ukizibadilisha mahali, hapana lililobadilika.

Juni 1924 alimpelekea makala yake Albert Einstein, huko Berlin. Mtaalamu huyo mashuhuri aliifasiri mwenyewe kwa Kijerumani, ikachapishwa mwaka ule ule. Baadaye chembe zinazofuata hesabu hiyo ziliitwa bosoni, kwa jina la Bose.

Sisi wa Mambrui twaijua zefe ya Maulidi, mamia ya watu wakienda kwa hatua moja. Bosoni zikipozwa mno huweza kwenda hivyo. Elektroni, zinazochukua umeme, si bosoni. Kila moja hushika njia yake na kujigonga. Lakini katika baadhi ya madini yaliyopozwa, elektroni hushikana mbili mbili, na jozi hizo zikaenda kama zefe. Hapo umeme hupita bila ya kizuizi chochote.

Mwaka 1989, huko Minnesota, Marekani, wataalamu walipoza tando za bismathi zenye unene wa atomu chache tu. Utando ulipozidi unene kidogo, umeme ulipita bure. Ulipokuwa mwembamba zaidi, umeme ulizuilika. Ni kama zefe iliyoingia kichochoro chenye vifusi, ikakwama. Je, watu wameachana mikono, au wangali wameshikana, ila kila wawili wamenasa mahali pao? Juu ya swali hilo wataalamu wamebishana miaka mingi, na vipimo vimeonyesha kuwa katika baadhi ya tando jozi hubaki nzima, ingawa hazisogei. Hata katika kukwama huko, hesabu ya Bose yahitajika.

Bose hakupata tuzo ya Nobel, japo wengine waliipata kwa kazi zilizosimama juu ya msingi wake. Mwaka 1948 alianzisha Calcutta chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, lugha ya mama yake, kikatoa na jarida. Aliamini kuwa elimu isiyosemeka nyumbani haikai. Alifariki tarehe 4 Februari 1974, akiwa na umri wa miaka 80.

Mimi naona hapo pana funzo kwetu. Katika vyuo vyetu, masheikh walitufasiria fikihi na nahau kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata tukafahamu. Sayansi nayo yangoja wafasiri wake.