Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, Mchungaji Aliyewaandaa Watu kwa Uhuru



Wapendwa wasomaji, leo tunamkumbuka Joseph Kiwanuka, askofu Mkatoliki wa kwanza mzalendo katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Alizaliwa Buganda mwaka 1899, akasoma katika seminari za Bukalasa na Katigondo, na mwaka 1929 akapewa daraja ya upadre. Baadaye alipata udaktari wa Sheria za Kanisa huko Roma, akajiunga na shirika la Mapadre Weupe. Tarehe 29 Oktoba 1939 Papa Pio XII alimweka wakfu kuwa askofu katika Basilika la Mtakatifu Petro.

Alikabidhiwa Masaka, na kazi ya uchungaji huko ikawa mikononi mwa mapadre wazalendo. Wengi walingoja kuona kama Waafrika wangeweza. Kiwanuka aliwatuma mapadre wake kusoma ng'ambo. Pia aliweka halmashauri za parokia na vyama vya wazazi wa shule, na viongozi wake walichaguliwa na waamini wenyewe. Hivyo mkulima wa kahawa wa Masaka alizoea kumchagua kiongozi, kumuuliza maswali na kukubali kushindwa, kabla taifa halijamwita kupiga kura.

Mwishoni mwa mwaka 1960 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Rubaga. Uhuru ulikuwa unakaribia, lakini Buganda ilikuwa na hofu. Watu waliuliza Kabaka wao atakuwa nani Waingereza wakiondoka. Ugomvi uliingia sokoni, vilabuni na hata ndani ya familia. Mwaka 1961 kilianzishwa chama cha Kabaka Yekka, yaani Kabaka peke yake. Chama cha DP, chenye Wakatoliki wengi, kilidhihakiwa kwamba herufi zake maana yake ni Dini ya Papa. Mkatoliki aliyekiunga mkono alionekana kama msaliti wa mfalme wake.

Novemba 1961 Kiwanuka alitoa barua ya kichungaji kuhusu Kanisa na serikali. Alifundisha kwamba mfalme akae juu ya vyama vyote, na kwamba wanaomwingiza katika siasa, hata kwa kumpenda, wanakihatarisha kiti chake. Tukumbuke kwamba Kiwanuka mwenyewe alikuwa Mganda, na Kabaka Mutesa II alikuwa mfalme wake pia. Ikulu ya Mengo iko kilima cha jirani na Rubaga. Serikali ya Kabaka ilikasirika sana, na padre mmoja wa kanisa kuu akakamatwa.

Onyo halikusikilizwa. Kabaka Yekka ilishirikiana na UPC ya Milton Obote, na DP ikashindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo Uganda ikapata uhuru. Mwaka 1963 Kabaka akawa Rais, Obote akiwa Waziri Mkuu. Mei 1966 jeshi liliivamia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967. Kiwanuka hakuyaona hayo, kwani alifariki Februari 1966.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunajifunza nini? Kumkosoa mgeni ni rahisi. Kuwaambia ukweli watu wa nyumbani, unaowapenda na wanaokupenda, ni kazi ngumu zaidi. Kiwanuka aliifanya bila kumtukana mtu. Nanyi waamini, msidharau uchaguzi wa jumuiya ndogondogo au wa halmashauri ya parokia. Tukichaguana pale kwa ukabila au kwa kujuana, tusishangae tukifanya vivyo hivyo katika taifa. Tukichaguana kwa haki, tunajenga nchi tukiwa bado katika uwanja wa kanisa.

Raha ya milele umpe, ee Bwana.