Edsger Dijkstra: mtu aliyeogopa hitilafu isiyorudi mara mbili

Msikilizaji, kumbuka siku uliyotuma fedha kwa simu ukaona kiduara kinazunguka tu, ujumbe hauji. Ukazima simu, ukawasha, ukajaribu tena, ikapita kana kwamba hakuna kilichotokea. Sababu zinaweza kuwa nyingi, na mara nyingi ni mtandao tu. Lakini ipo moja iliyo mbali na mnara wa simu. Imo ndani ya seva, ile kompyuta inayohudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na mafundi wanaiogopa kuliko nyingine zote, kwa kuwa ukiitafuta inajificha. Mmoja wa watu wa kwanza kuiogopa hivyo, na kuutumia uhai wake kuitafutia dawa, alikuwa Mholanzi mwenye ndevu aliyeandika kwa kalamu ya wino.

Edsger Wybe Dijkstra alizaliwa Rotterdam tarehe 11 Mei 1930. Baba yake alikuwa mkemia na mwalimu wa sekondari, mama yake mwanahisabati. Kijana alifikiria kusoma sheria, akiota kuiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa, lakini alama zake za sayansi zilikuwa nzuri mno, akaenda Chuo Kikuu cha Leiden kusoma fizikia. Mwaka 1951 alihudhuria kozi ya wiki tatu ya kuandika programu kule Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam. Kazi yenyewe haikuwa inajulikana nchini kwao. Alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, waliosajili ndoa walikataa kuandika kwamba bwana harusi ni mwandishi wa programu, wakisema hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi aandikwe mwanafizikia.

Wengi wanamjua kwa njia ya kutafuta barabara iliyo fupi zaidi kati ya miji miwili. Aliibuni mwaka 1956 akiwa na mchumba wake kwenye mgahawa wa Amsterdam, kwa dakika kama 20, bila karatasi wala kalamu. Hiyo tuiache, habari yetu ni nyingine.

Wenzake wawili, Bram Loopstra na Carel Scholten, walikuwa wanabuni kompyuta mpya iliyoitwa X1. Kompyuta za kabla yake, zikishaagiza mashine ya kuchapa ifanye kazi, zilikaa bure zikiisubiri. Wahandisi hao wakapendekeza kwamba X1 iendelee na hesabu zake, na mashine ya kuchapa ikimaliza ipige hodi. Kompyuta iache ilichokuwa inafanya, imhudumie mgeni, kisha irudi pale ilipoishia. Dijkstra aliposikia alishikwa na hofu, akawa anavuta muda asikubali.

Ili uione hofu yake, mfikirie mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana hapa Kiloleli. Daftari linaonyesha shilingi 300,000. Amepokea 40,000, amejumlisha kichwani akapata 340,000, na kabla hajaandika anasikia hodi. Ni mwanachama analeta rejesho la 20,000. Mweka hazina anafungua daftari, anaona 300,000, anajumlisha, anaandika 320,000. Mgeni anaondoka. Sasa anarudi kwenye hesabu yake ya kwanza, kichwani bado ana 340,000, anaifuta ile namba na kuandika hiyo. Shilingi 20,000 zimepotea kwenye daftari na hakuna aliyeiba.

Hodi ile ingechelewa nusu dakika, hesabu ingekuwa sawa. Ndiyo maana ukimwambia mweka hazina arudie mbele ya wanakikundi wote, atarudia mara mia na kila mara itakuwa sahihi. Hilo ndilo lililomtisha Dijkstra: kosa linalotegemea sekunde ambayo mgeni alifika, kosa ambalo huwezi kuliita lirudi ulione. Mwishowe alikubali, akaandika programu ya kuzipokea hodi hizo, na mwaka 1959 kazi hiyo ikampatia shahada ya udaktari. Mwaka uliofuata yeye na Jaap Zonneveld walimaliza kutengeneza kitafsiri cha lugha ya programu ya ALGOL 60. Walikuwa wamekubaliana wasinyoe mpaka kazi iishe. Zonneveld alinyoa. Dijkstra akabaki na ndevu zake.

Mwaka 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati, na huko ndiko alikoipata dawa. Aliitoa kwenye reli. Waliopanda treni ya zamani ya Tabora kwenda Mwanza wanajua: njia ni moja, na treni mbili zikikutana lazima moja isubiri stesheni, tuseme Malampaka, mpaka nyingine ipite. Kwenye reli za Uholanzi kulikuwa na mlingoti wenye mkono. Mkono ukikuzuia, unasimama. Dijkstra aliuweka mlingoti huo ndani ya kompyuta, ukiwa namba tu. Kazi inayotaka kuligusa daftari inaipunguza namba kwanza. Kama imeshafika sifuri, inasubiri. Ikimaliza inaiongeza, na aliyesubiri anaingia. Kwa mlingoti huo yeye na kikundi kidogo cha wenzake walijenga mfumo uliojulikana kwa herufi za kwanza za chuo chao, THE, ambao aliueleza kwa maandishi mwaka 1968.

Lakini kufuli nalo lina ugonjwa wake. Mwaka 1965 aliwapa wanafunzi wake swali la mtihani ambalo baadaye lilisimuliwa kwa watu watano waliokaa kuzunguka meza. Kati ya kila wawili kuna uma mmoja, na kila mtu anahitaji uma mbili ndipo ale. Wote wakichukua wa kushoto kwa pamoja, kila mmoja atasubiri wa kulia milele, na watakufa njaa mbele ya chakula. Jibu lake ni jepesi ajabu: zipe uma namba, na kila mtu aanze na wenye namba ndogo. Wa mwisho mezani atalazimika kuanza upande mwingine, na duara limevunjika.

Seva za leo zinaishi humo humo. Nyingi zinaendeshwa kwa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha, na ndani yake kazi moja imegawanywa katika nyuzi nyingi zinazokwenda pamoja. Mfumo wa Linux, ulio pia ndani ya simu za Android, una milingoti na makufuli ya namna hiyo. Hodi ya X1 nayo ina ndugu yake, ishara inayotumwa kwa programu kuiambia ijizime au isome upya maagizo yake. Shida maarufu ni hii: uzi umeshika kufuli, ishara inaukatiza, na mpokea ishara naye anaomba kufuli lile lile. Anamsubiri mwenye kufuli, na mwenye kufuli ni yeye mwenyewe. Seva inaganda.

Fundi mzoefu akikuta hali hiyo haharakishi kuizima na kuiwasha, maana ushahidi utapotea. Anaandika kwanza kila uzi umesimama wapi, nani ameshika kufuli gani, nani anamsubiri nani. Na wakati wa kurekebisha anamwachia mpokea ishara kazi moja ndogo, kuweka alama tu, na uzi mwingine utaiona ukiwa tayari. Au anatenga uzi mmoja wa kupokea ishara na kuziba masikio ya zote zilizobaki.

Dijkstra mwenyewe angetaka tusifike huko. Alishikilia kwamba majaribio yanaweza kukuonyesha kosa lipo, hayawezi kukuthibitishia kwamba halipo, kwa hiyo programu ithibitishwe kwa hoja wakati inaandikwa. Alikuwa mkali, pengine kupita kiasi, na wenzake wengi waliokosolewa naye hawakufurahi. Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo, aliipata mwaka 1972. Kuanzia 1984 alifundisha Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, mpaka alipostaafu mwaka 1999. Kompyuta aliitumia kwa nadra. Mawazo yake aliyaandika kwa mkono, akayapa namba, zaidi ya 1,300, na kutuma nakala kwa marafiki walionakili na kuwapa wengine.

Mwaka 2002 alirudi nyumbani Nuenen, Uholanzi, akiwa anaumwa saratani, na akafariki tarehe 6 Agosti. Muda mfupi kabla ya hapo alitunukiwa kwa makala yake ya mwaka 1974, iliyopita miaka mingi bila kutazamwa na wengi, kuhusu kompyuta nyingi zilizounganishwa ambazo zikivurugika zinajirudisha zenyewe sawa. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ilipewa jina lake.