Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba Hadi Santuri za Bombay

Katika ukurasa wetu wa waliotutangulia, safari hii nawaletea mwanamke ambaye wengi tunalijua jina lake lakini habari zake tunazisikia nusu nusu: Siti binti Saad wa Unguja, mama wa taarab ya Kiswahili.

Nimemchagua kwa sababu moja. Hapa tunapoishi maduka ya vipodozi yamejaa krimu za kung'arisha ngozi, na wapo dada zetu (na kaka zetu pia, tusifichane!) ambao ukikaa nao kidogo utawasikia wakijiuliza kama weusi wao ni uzuri au ni kasoro. Siti aliumbuliwa kwa sura yake mbele za watu, karibu miaka mia iliyopita. Tuone alifanya nini.

Alizaliwa kijiji cha Fumba mnamo 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na utumwa ulikuwa haujafutwa visiwani. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hebu fikiria, ndugu msomaji, kila unapoitwa unakumbushwa daraja lako! Shule hakwenda. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, na vyungu vikishakuwa tayari alivitia kichwani akaenda kuviuza mjini kwa miguu, akinadi kwa sauti kubwa. Ndo hapo watu walipoanza kuisikia ile sauti.

Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba na mambo ya ala. Baadaye akajiunga na wenzake kina Subeti bin Ambari, Mbaruk, Buda bin Swedi na Mwalimu Shaaban, wakawa kundi moja. Na lile jina la Mtumwa likafa. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Kwangu mimi hiyo peke yake ni safari ndefu kuliko ya kutoka Fumba kwenda mjini.

Sasa, taarab ya wakati ule haikuwa hii tunayochezea kwenye harusi. Sultan Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri katika karne ya 19, na ikawa muziki wa kasri, ukiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza kuimba Kiarabu, na kasrini aliitwa. Lakini aliimba pia kwa Kiswahili, lugha ya wapagazi, wavuvi na wapishi wa Ng'ambo, na akaimba mambo yao: wanaume wanaowapiga wake zao, wakubwa wanaodhulumu wanyonge, mahakama zinazopindisha haki. Kuna kisa cha mtu aliyeitwa Kijiti, aliyemuua mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, kisha akatorokea bara. Waliofungwa wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi! Siti akaliimba, na mji mzima ukajua.

Wivu nao haukukosa. Wapinzani wakamtungia nyimbo za kumsimanga: katoka shamba, muuza vyungu, fukara, na sura yenyewe hana. Yeye hakukimbilia poda wala hakujitungia ukoo wa uongo. Akajibu kwa wimbo, kwamba sura nzuri na nasaba kubwa si hoja. Mtu kapata hasara pale akili inapomtoka. Jibu lile limeishi kuliko matusi yote, na waliomtukana leo nani anawajua?

Msidhani alikuwa adui wa mapambo. Watu wa Ng'ambo wa zama zake ndio walioufanya urembo kuwa uhuru. Enzi za utumwa, mtumwa alitambulika kwa kaniki au merikani, miguu mitupu, kichwa wazi. Utumwa ulipopigwa marufuku kuanzia 1897, wanawake waliziacha nguo zile wakavaa kanga za rangi rangi, doti kwa doti, toleo jipya likitoka wanalikimbilia. Yaani kujipamba ilikuwa kusema: mimi si mali ya mtu. Mie kila nikipita soko la vitambaa la Zhongda na kuona majora ya vitenge yakifungwa kwenda kwetu, nawawaza bibi zetu wale.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi na kampuni ya His Master's Voice. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Zilisambaa pwani yote na bara, zikapigwa kwenye migahawa ya kahawa, na watu wasiowahi kufika Unguja wakamjua. Mfinyanzi asiyekwenda shule aliipeleka lugha yetu ng'ambo ya bahari, na hakuibadilisha ili apendeze.

Alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikaa naye akamsikiliza, akamwandikia wasifu ambao hadi leo unasomwa. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alijifunza kwake. TAMWA, chama cha wanawake wanahabari Tanzania, jarida lao waliliita Sauti ya Siti.

Basi wapendwa, mtu akikukodolea macho kwenye metro au akitaka kukushika nywele, usijikunyate. Suka unavyotaka, vaa kitenge chako, ongea Kiswahili chako. Kisha rudi maktaba ufanye kilichokuleta. Siti alifanya yote mawili.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Tukutane toleo lijalo!